Matembezi ya samoni, Ballard mpaka Issaquah: huyu mama mtafiti ndo sababu ya nyota zangu

Nianze na nyota ili mwenye haraka asisubiri: natoa nne na nusu kati ya tano. Hiyo nusu iliyopungua haimhusu hata kidogo mama aliyetuongoza, inawahusu waandaaji na gari lao, nitafika huko. Yeye kungekua na nyota ya sita ningempa.

Kwa ambao hamko huku, hii ni Seattle, jimbo la Washington, kaskazini magharibi mwa Marekani, na samaki anaitwa samoni huku utamkuta kila kona, kwenye michoro ya ukutani, kwenye fulana, pale sokoni Pike Place wauzaji wanamrusha hewani watu wanapiga picha. Mimi nimekaa huku miaka saba, nimemla karibu kila wiki na kumbe nilikua simjui. Mwaka juzi nililipia ziara ya boti ya kampuni moja, jina nalihifadhi, kijana wa kipaza sauti akatuonyesha ngazi ya samaki kwa mbali akasema samaki wanapandia pale, boti ikageuka tukarudi. Mwanangu akaniuliza, baba wanapanda kwenda wapi? Sikua na jibu, na kwa kweli liliniuma, maana mtoto wa miaka saba wakati ule ameuliza kitu cha maana na watu wazima thelathini kwenye boti hakuna anayejua.

Kwahiyo nilipoona tangazo kwenye ubao wa maktaba kwamba kuna matembezi ya siku nzima, asubuhi Ballard, mtaa wa hapahapa Seattle, mchana mji wa Issaquah, yakiongozwa na mtafiti mstaafu aliyefanya kazi ya samoni zaidi ya miaka 30, nikajiandikisha palepale. Dola 20 mtu mzima, 10 mtoto, na hela walisema inaenda kununua miche ya kupanda kando ya vijito. Kuingia Ballard na Issaquah kwenyewe ni bure kwa mtu yeyote, hata kesho unaweza kwenda mwenyewe na usidaiwe hata senti, kwahiyo unacholipia hapa ni mtu wa kukueleza pamoja na usafiri wa katikati. Baada ya siku ile nasema ni bei ndogo sana.

Jina la mama huyu silitaji, ni mtu binafsi. Wengine walimwita Daktari, mwanangu kwa sababu ya zile mvi akamwita bibi, nilipomfafanulia maana yake akafurahi kweli, akasema basi kwa leo yeye ni bibi. Na mimi nitamwita hivohivo.

Tulikutana saa tatu asubuhi Jumamosi ya mwisho ya Septemba, pale kwenye malango ya Ballard, jina rasmi Hiram M. Chittenden Locks. Ni malango ya kupandishia na kushushia meli kati ya maji ya chumvi ya Puget Sound, mkono wa bahari, na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya Ziwa Union na Ziwa Washington, yalifunguliwa rasmi tarehe 4 Julai 1917 na wahandisi wa jeshi la Marekani ndo waliyajenga na ndo wanayaendesha mpaka leo. Meli inainuliwa au kushushwa kati ya futi 6 na 26 kutegemea bahari imekupwa au imejaa. Watu wengi huja kuangalia meli tu, wanakaa kwenye majani wanakula, pana bustani nzuri sana pia, na wengine wanaondoka bila kujua kwamba ukivuka yale malango kwa miguu, ukapita juu ya pale maji yanapomwagika, upande wa kusini ndo kuna ngazi ya samaki.

Bibi hakutupeleka moja kwa moja kwa samaki. Alitusimamisha katikati ya daraja, upepo unapiga, akatoa ramani ya zamani iliyochakaa kwenye mikunjo akamwambia mwanangu ashike pembe moja. Akaweka kidole kusini mwa Ziwa Washington. Akasema zamani maji ya ziwa hili hayakutokea huku Ballard hata kidogo, yalitokea kule kusini kupitia mto mmoja uitwao Black, ukaungana na mto Duwamish mpaka baharini, na samoni walipita hukohuko kwa maelfu ya miaka. Mwaka 1912 watu wakaugeuza mto Cedar umwage ziwani. Mwaka 1916 wakaunganisha ziwa na mfereji huu, ziwa likashuka kama futi 9, mto Black ukabaki mkavu. Sasa fikiria samoni aliyetoka mdogo kwa mlango wa kusini, yuko baharini anakua, anarudi kuja kuzaa, mlango haupo, umehamishiwa upande wa pili wa mji. Aliposema hivo alinyamaza kidogo akaikunja ramani taratibu, na watu wote kimya, hata yule jamaa aliyekua anaongea na simu toka asubuhi alizima. Mimi nilidhani uhifadhi wa samoni ni habari ya wavuvi kuzidisha kuvua tu, kumbe kuna watu walihamisha mto mzima ndani ya miaka minne.

Ngazi yenyewe sasa. Ilijengwa pamoja na malango lakini ya mwanzo ilikua na vidato vichache, ikajengwa upya 1976 na sasa ina vidato 21, kila kidato ni kibwawa kidogo, maji yanashuka kwa kasi na samaki anaruka au anapita kwenye tundu chini ya maji kwenda kibwawa cha juu. Chini kuna chumba chenye giza giza na madirisha makubwa ya vioo, unaona ndani ya maji kabisa. Hapa ndo niliishiwa maneno. Nilikua nimezoea samoni wa vipande, vya rangi ile ya chungwa, kwenye karatasi. Huyu hapa ana urefu wa mkono wangu toka bega mpaka vidole, amesimama kwenye maji yanayokimbia, hatikisiki, mkia tu unacheza, jicho linakuangalia. Mgongo una madoa, ubavuni ana kovu la meno, jeupe, mistari minne imepangana. Bibi akafuta mvuke kwenye kioo kwa mkono wa sweta lake, akasema huyo ni chinuki, aina mojawapo ya samoni, na hao waliomng'ata ni sili, wanyama wa baharini wanaokula samaki, na akapona akaja. Kisha yule samaki akajipinda mara moja na hayupo. Mwanangu alipiga kelele hadi mlinzi akageuka.

Alieleza kitu ambacho sitakisahau. Samaki akiwa baharini maji ya mwili yanataka kumtoka, kwahiyo anakunywa maji ya bahari na kuisukuma chumvi nje, akiingia maji baridi mambo yanageuka kabisa, sasa maji yanataka kumjaa na chumvi inataka kumtoka. Kwenye mto wa kawaida kuna sehemu ndefu ambapo maji ya chumvi na maji baridi yanachanganyika taratibu, samaki anakaa siku kadhaa mwili unazoea. Hapa Ballard hiyo sehemu hamna, ni ukuta, upande huu bahari upande huu ziwa, hatua chache tu. Na tena toka anapoingia maji baridi hali chakula tena, safari yote iliyobaki mpaka kuzaa anaifanya kwa mafuta aliyokuja nayo mwilini. Mimi nilimuangalia yule samaki kwa heshima nyingine baada ya kusikia hayo.

Akagusia pia wale simba-bahari, wanyama wakubwa wa baharini jamii ya sili, wa miaka ya 1980 waliogundua kwamba mdomo wa ngazi ni pa kula bila kuhangaika, wakakaa pale wakimaliza samaki wa stilihedi, ndugu wa samoni, wanaorudi wakati wa baridi. Walibebwa kwa gari mpaka California wakaachiliwa huko, wakarudi wenyewe kwa kuogelea. Hakuwalaumu wale wanyama, alisema ukiwaminya samaki wote wapite kwenye uwazi mdogo lazima atatokea wa kuwangoja pale.

Na ile ya vidole! Wenye watoto sikilizeni hii. Kuna samoni wa aina tano upande huu wa Pasifiki na bibi aliwafundisha watoto wote kwa mkono mmoja. Kidole gumba ni chamu, kwa Kiingereza maneno hayo mawili yanafanana mlio. Cha shahada unakielekeza kwenye jicho lako, huyo ni sokai, maana jina lake la Kiingereza linaishia na neno jicho. Cha kati kirefu kuliko vyote ni chinuki, ndo mkubwa wao, wenyewe wanamwita mfalme. Cha pete ni koho, samaki wa fedha. Kidole cha mwisho kidogo ni pinki, mdogo wao. Watoto walishika ndani ya dakika moja na mpaka leo wiki tatu zimepita mwanangu akinawa mikono anawataja.

Sasa hapa ndo penye lawama. Gari la waandaaji la kutupeleka Issaquah lilitakiwa lifike saa sita kamili, likafika saa sita na dakika hamsini, hakuna aliyepiga simu, hakuna aliyeomba radhi. Tangazo lilisema watu wasiozidi kumi na tano, tulikua ishirini na nane, waliokaa nyuma kwenye kile chumba cha vioo walikua hawasikii kitu. Na kubwa zaidi, kwenye fomu ya kujiandikisha waliuliza unaongea lugha gani nyumbani, nikaandika Kiswahili, kulikua na familia ya Kisomali na dada mmoja Muethiopia na wao walijaza zao, kufika pale karatasi zote ni Kiingereza tupu. Usiniulize lugha yangu kama huna mpango nayo. Hiyo ndo nusu nyota yangu na naomba waandaaji waisome kwa moyo mweupe maana kazi yenyewe ni nzuri mno kuharibiwa na vitu vya namna hii.

Lakini zile dakika hamsini bibi hakuziacha zipotee, na nikiulizwa sehemu iliyonigusa kuliko zote ni hiyo. Alikaa kwenye benchi, akafungua begi lake, akatoa bahasha ndogo ndogo za karatasi na vioo vya kukuzia. Ndani ya kila bahasha mna gamba moja la samaki. Ukiliangalia kwa kioo unaona mistari ya duara kama ya shina la mti. Samaki anapokula vizuri kiangazi mistari inaachana, wakati wa baridi anapokua taratibu mistari inabanana, kwahiyo ukihesabu yale mabano unajua ameishi baridi ngapi, na katikati kabisa kuna sehemu ndogo iliyobanana mno, hiyo ni maisha yake ya utotoni mtoni kabla hajaenda baharini. Mwanangu akapewa la chinuki. Bibi akasema huyo alikua na miaka mitatu. Mwanangu akahesabu, akasema minne. Bibi akachukua kioo, akavua miwani, akaangalia muda mrefu, akaliinua gamba kwenye mwanga, akasema kweli, minne, mimi nimeruka huo wa pembeni. Akachukua kalamu akafuta tatu kwenye bahasha akaandika nne, akaweka na tarehe. Mtu amesoma magamba miaka thelathini na anasahihishwa na mtoto wa miaka tisa na anafurahi! Nilitamani walimu wote waone.

Hapo ndo tukamuuliza ya kazi yake na akatusimulia bila kujikweza. Alianza akiwa mwanafunzi, kazi yake ilikua kukata kile kipezi kidogo cha mgongoni karibu na mkia kwenye vifaranga vya samoni kwenye vituo vya kuzalishia samaki, kimoja kimoja kwa mkasi, maelfu kwa siku, hadi vidole vinakufa ganzi kwa baridi ya maji. Kipezi kikikosekana unajua samaki huyu amezalishwa kituoni, mwenye nacho ni wa mtoni. Na wengine walikua wanapigwa ndani ya pua kipande cha waya chenye urefu wa milimita moja hivi, chenye namba. Miaka baadae samaki akirudi unakata kichwa, unautafuta ule waya, unausoma kwa hadubini na unajua katoka kituo gani mwaka gani. Alisema alipopata waya wake wa kwanza aliouweka mwenyewe, ukiwa umerudi baada ya miaka mitatu baharini, alitoka nje ya maabara akalia. Hakueleza zaidi na sisi hatukuuliza.

Alafu miaka mingi ya kutembea vijitoni, kuanzia vuli mpaka baridi, amevaa ile suruali ya mpira inayofika kifuani, anahesabu viota vya mayai kwenye kokoto na kuhesabu mizoga. Samoni wa huku akishazaa anakufa, hiyo ni kawaida yake, na mzoga unalisha wadudu wa majini na wale wadudu ndo chakula cha watoto wake watakaoangua, kwahiyo mzoga ni kitu cha heri. Lakini anaupasua tumbo kuangalia kama mayai yametoka. Na hapa ndo habari ikawa nzito. Kwenye vijito vya mjini alikuta koho majike wamekufa na tumbo limejaa mayai yote, hawajazaa hata moja. Wengine aliwaona wako hai wanazunguka zunguka juu ya maji, midomo wazi, wanapinduka, baada ya saa chache wamekufa. Kila mvua ya kwanza ya vuli ilikua hivo. Ilikua mwishoni mwa miaka ya 1990 na hakuna aliyejua sababu, wakapima joto la maji, hewa iliyomo kwenye maji, magonjwa, dawa za mashambani, hamna. Yeye aliendelea kuhesabu na kuandika ripoti, na watu wa kujitolea wanaoishi karibu na kijito cha Longfellow huko West Seattle na wao wakawa wanahesabu.

Jibu lilikuja Desemba 2020. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington tawi la Tacoma na wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington kituo cha Puyallup pamoja na wenzao walitangaza kwamba ni tairi. Tairi za magari! Kuna kemikali inaitwa 6PPD inawekwa kwenye raba ili isipasuke kwa sababu ya hewa ya ozoni, ikikutana na hiyo ozoni inageuka kitu kingine, 6PPD-kwinoni, na tairi likisagika barabarani vumbi lake linabaki lami, mvua inalisomba mpaka kijitoni na koho anakufa ndani ya saa chache. Chamu kwenye maji hayohayo hapati shida. Bibi alisema yeye hakuigundua, kazi yake ilikua kuhesabu tu, lakini bila miaka ishirini ya kuhesabu hakuna ambaye angejua kwamba kuna kitu cha kutafutwa. Na palepale akaonyesha na dawa yake, kwamba maji hayohayo ya barabarani yakipitishwa kwanza kwenye udongo uliochanganywa mchanga na mboji kabla ya kufika kijitoni, koho wanaishi. Ndo maana siku hizi unaona zile bustani zilizochimbwa kama mabeseni pembeni ya barabara za Seattle, mimi nilikua nadhani ni mapambo!

Nikamuuliza kwanini aliacha vijito akaanza kuongea na watu. Alisema kulikua na mkutano wa wananchi, yeye akasimama na ripoti ya kurasa sitini na michoro, alipomaliza mzee mmoja wa nyuma akanyoosha mkono akauliza, sasa binti mimi kesho asubuhi nifanye nini? Akakosa la kumwambia. Usiku ule hakulala. Wiki iliyofuata akaenda kusimama kwenye daraja la kijito na ndoo iliyojaa miwani ya kuazimisha, ile ya kuondoa mng'ao wa jua juu ya maji, akawa anampa kila anayepita aangalie chini. Ameendelea hivo mpaka leo, darajani, shuleni, makanisani, misikitini. Alisema hii kazi ya kusimama darajani ni ngumu kuliko kuandika, kwa sababu ripoti haikuulizi swali.

Issaquah ni mji mdogo mashariki ya Seattle, na kituo chake cha kuzalisha vifaranga kipo katikati ya mji kabisa, kilijengwa 1936. Septemba na Oktoba kijito chote kinajaa samoni wanaorudi, kuna kizuizi kinachowaelekeza waingie ngaziani mpaka kwenye mabwawa ya zege. Hapa unawaona kwa juu na kwa pembeni, wengi kweli, wamebanana, rangi imeshageuka kahawia na zambarau, pua za madume zimepinda kama ndoana, mapezi yamechakaa weupe mwishoni. Kuna harufu, nisiwafiche, mwanangu alishika pua dakika tano za mwanzo.

Na hiyo pua ikamfungulia bibi hadithi. Kulikua na mtafiti anaitwa Arthur Hasler wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, siku moja alikua anapanda mlima huko Utah alikokulia, akakaribia maporomoko ya maji na harufu ya mimea ya pale ikamrudishia ghafla mambo ya utotoni aliyokua ameshayasahau, akawaza, kama harufu inanifanya mimi hivi je samoni? Mwanzoni mwa miaka ya 1950 yeye na mwenzake Warren Wisby wakaja hapahapa, kwenye kijito hiki cha Issaquah, wakakamata koho kwenye matawi yake mawili, nusu wakawaziba pua kwa pamba, wakawabeba wote kuwashusha chini ya pale matawi yanapokutana wakawaachia. Wenye pua wazi, wengi wao walirudi kwenye tawi lilelile walilokamatwa. Walozibwa walienda ovyo. Bibi alikua anasimulia huku ameelekeza kidole kwenye maji na mwanangu ameachia pua yake, ananusa. Akaniangalia akasema, baba, wanapanda kwenda kwenye harufu ya kwao. Miaka miwili tumekaa na lile swali.

Nilichokipenda pia ni kwamba hakuficha ubishi uliopo. Mtu mmoja alisema basi tuzalishe tu vituoni tujaze mito. Bibi akamjibu kwa upole lakini bila kuzunguka: samaki wa kituo wamezoea maisha ya bwawani, wakichanganyika kuzaa na wa mtoni wanaweza kudhoofisha kizazi, na kituo hakiwezi kurudisha mto uliopashwa joto na uliokatwa miti. Chinuki wa Puget Sound wako kwenye orodha ya serikali ya walio hatarini toka 1999, na vituo vilikuwepo miaka yote hiyo. Lakini akasema pia vituo haviwezi kufungwa tu kesho, kuna makabila ya wenyeji ambayo mikataba ya miaka ya 1850 iliwahakikishia haki ya kuvua, na walipigania haki hiyo hadi kufungwa jela. Akamtaja Billy Frank Jr. wa kabila la Nisqually aliyekamatwa mara ya kwanza 1945 akiwa na miaka 14 kwa kuvua tu, na hukumu ya jaji Boldt ya 1974 iliyosema nusu ya samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa ni yao. Toka hapo makabila yana watafiti wao na wanasimamia samaki pamoja na jimbo, na yeye alisema mambo mengi ya mtoni alifundishwa na hao wenzake. Hapa angeweza kukaa zaidi, kwa maoni yangu ndo sehemu iliyopita haraka kuliko ilivyostahili, ila jua lilikua linashuka na gari lile la waandaaji, safari hii lilikua limewahi, likaanza kupiga honi.

Kwa mnaotaka kwenda, na nendeni hata bila matembezi haya: Ballard sokai wanapita zaidi Julai, chinuki Agosti mwishoni, koho mwisho wa Septemba, ukienda miezi mingine unaweza kukuta vioo vitupu ukadhani umedanganywa. Issaquah ni Septemba na Oktoba, wikiendi ya kwanza ya Oktoba kuna sherehe yao kubwa ya samoni na watu wanafurika, kama hupendi msongamano nenda siku nyingine. Bebeni miwani ya kuzuia mng'ao, bila hiyo pale Issaquah nusu ya samaki hutawaona. Viatu visivyoteleza. Na mkimpata huyu bibi, kaeni mbele.

Wakati tunashuka garini alimpa mwanangu ile bahasha yenye gamba, nne juu ya tatu iliyofutwa. Akatuambia Novemba chamu wanapanda kijito cha Pipers ndani ya bustani ya Carkeek, hapahapa Seattle, na yeye atakua darajani pale na ndoo yake ya miwani. Nimeshaweka alama kwenye kalenda na nimemuandikia muandaaji kwamba safari hii zile karatasi za Kiswahili ntazitafsiri mwenyewe, anitumie tu mapema.